Mtoto Akifumba Mdomo

Mwaka 2002, njaa ilipoikaba Malawi, wilaya ya Dowa ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza duniani kujaribu jambo ambalo madaktari wengi wa wakati ule waliliona la hatari: kumtibu mtoto mwenye utapiamlo mkali nyumbani kwao, mikononi mwa mama yake. Kabla ya hapo mtoto wa namna hiyo alilazwa wodini kwa wiki kadhaa, akinyweshwa maziwa maalumu kila baada ya saa chache, na mama akakaa naye huku shamba likiota magugu na watoto wengine wakiachiwa majirani. Mashirika ya Concern Worldwide na Valid International yakawapa akina mama pakiti za siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Mama akaondoka nazo kijijini, akawa anarudi kituoni kupimisha mtoto kwa ratiba. Watoto wakapona. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani yakatoa tamko la pamoja la kuuunga mkono utaratibu huo. Kambi ya Dzaleka, wanakoishi wasomaji wangu wengi, imo katika wilaya hiyohiyo ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe.

Ndani ya utaratibu huo kuna kipimo kimoja kidogo ambacho kila mzazi angefaa kukijua. Mtoto akipimwa mkono kwa utepe na kukutwa chini ya sentimita 11.5, au akiwa na miguu iliyovimba, muuguzi hamkabidhi mama pakiti na kumuaga. Kwanza humtafutia mahali patulivu, humwambia anawe mikono, ampakate mtoto, amwonjeshe ile siagi huku maji ya kunywa yakiwa karibu. Kisha anatazama. Mama anaruhusiwa kumbembeleza. Haruhusiwi kumshindilia. Mtoto akila kwa hiari kiasi kinachotakiwa kwa uzito wake, na hana dalili nyingine ya hatari, anatibiwa nyumbani. Akikataa, analazwa, kwa sababu kukataa kwake kunaonyesha kwamba mwilini kuna jambo ambalo macho hayalioni: maambukizi yaliyojificha, au viungo vya ndani vilivyoanza kulemewa.

Maana yake ni kwamba uamuzi mkubwa kama wa kumlaza mtoto mgonjwa unategemea kwa sehemu kubwa mdomo wa mtoto mwenyewe. Hamu ya kula ni habari, na habari hiyo ni ya kweli pale tu ambapo mtoto yuko huru kusema ndiyo au hapana. Hoja yangu katika safu hii ni kwamba tunachokiheshimu kliniki tunakivunja nyumbani, mara tatu kwa siku, kwa nia njema kabisa. Mtoto akizoea kufunguliwa mdomo kwa nguvu, tunapoteza kitu ambacho hakuna utepe wala mizani inayoweza kukirudisha: uwezo wa kujua lini ana njaa, lini ameshiba, na lini anaumwa.

Namna tunavyolishana inajulikana. Mtoto analazwa mapajani, kichwa kimeegemezwa nyuma, mikono yake imebanwa chini ya kwapa la mama. Uji unamiminwa kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe hadi midomoni, au kwa kijiko kinachosukumwa mpaka nyuma ya ulimi. Mtoto akigoma, pua inabanwa ili afungue mdomo apate pumzi, na pumzi hiyo ikiingia uji unaingia nayo. Nimeyaona hayo Dzaleka katika nyumba za Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, nimeyaona Lilongwe katika nyumba za Wamalawi, na msomaji wa Kigoma au Mombasa hatashangaa. Mtoto analia, anapaliwa, anatapika, mama naye anatokwa jasho na machozi. Bakuli likiisha, watu wazima hushusha pumzi kana kwamba wamevuka mto.

Simlaumu mama huyo. Anachokiogopa ni kitu cha kweli. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta kuwa watoto 37 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano nchini Malawi wamedumaa, na 2010 walikuwa 47. Karibu kila mwanamke wa rika langu amemwona mtoto wa jirani akivimba miguu, nywele zikibadilika rangi, akawa hataki mtu wala chakula. Dzaleka hofu hiyo ina sababu zaidi. Kambi ilifunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa enzi za Kamuzu Banda, ikakusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na sasa ina zaidi ya 50,000. Mgao umepunguzwa mara kadhaa. Mwaka 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi kambini, familia zilizokuwa na duka na jiko lao Lilongwe zilijikuta katika chumba kimoja, zikipika nje mbele ya macho ya majirani watano. Mtoto mwembamba akifumba mdomo mbele ya macho hayo, mama anahisi anahukumiwa yeye. Hapo bakuli linakuwa kesi.

Lakini hofu ya kweli haifanyi kila dawa iwe sahihi. Tuanze na kwa nini mtoto anakataa.

Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hutarajiwa kufikisha kilo 9 hivi anapotimiza mwaka, yaani ameongeza kilo 6 kwa miezi 12. Mwaka wa pili, wote kwa jumla, ataongeza kilo 2 na nusu hivi. Kasi ya kukua imeshuka kwa zaidi ya nusu, na hamu yake inashuka pamoja nayo. Mama aliyekuwa akijivunia mtoto wa miezi 8 anayefakamia anamkuta wa miezi 15 akila vijiko vinne na kushuka kwenye mkeka kukimbiza kuku. Anadhani ameharibika. Hajaharibika. Wakati huohuo amejifunza kutembea na amegundua neno "hapana", na chakula kigeni kinamtia shaka, shaka ambayo huzidi karibu na miaka miwili. Chakula kipya huenda akahitaji kukiona na kukionja mara 8, mara 10, hata 15 kabla ya kukipokea. Wengi wetu tunaacha kwenye mara ya tatu na kutangaza kwamba mtoto huyu hapendi mboga.

Sababu nyingine iko ndani ya sufuria, na hii ndiyo ninayotaka tukae nayo, kwa sababu haizungumzwi vya kutosha. Tumbo la mtoto hupokea kwa mlo mmoja kiasi cha gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 9 basi anaweza kubeba gramu 270, kikombe kimoja kilichojaa vizuri. Sasa chukua uji tunaoupika wengi, wa gramu 100 za unga katika lita moja ya maji. Lita hiyo nzima haizidi kalori 400, kwa hiyo kikombe cha mtoto kina kama 100. Akimaliza vikombe vitatu kwa siku, tumbo likiwa limejaa pomoni kila mara, amepata kalori 300 na kitu. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili anayenyonya anahitaji kama 550 kutoka kwenye chakula, nje ya maziwa ya mama. Amekula mpaka mwisho wa uwezo wake na bado ana upungufu wa karibu nusu.

Angalia kinachofuata. Mama anaona mtoto hanenepi, anaamua alishwe zaidi. Mtoto, ambaye tumbo lake limejaa maji, anafumba mdomo. Mama anabana pua. Ugomvi wote huo ni juu ya maji. Na uji mwepesi ndio uji pekee unaoweza kumiminwa kwa nguvu, kwa hiyo kadiri mtoto anavyogoma ndivyo mama anavyoongeza maji ili uteremke, na kadiri unavyoteremka ndivyo unavyopungua maana. Mlango wa kutokea uko kwenye mwiko. Uji mzito, ule ambao ukiinamisha kijiko unabaki kijikoni bila kutiririka, unabeba mara mbili ya nguvu katika kikombe kilekile. Mtoto atakula kidogo, atafumba mdomo mapema, na atakuwa amepata zaidi ya jana.

Hapa ndipo Likuni inapoingia. Mji huu mdogo wa misheni pembezoni mwa Lilongwe, wenye hospitali na shule zake za zamani, umeipa Malawi nzima jina la unga wa watoto: Likuni Phala, mahindi na soya, kwa kawaida sehemu nne za mahindi kwa moja ya soya. Soya inaleta protini na mafuta ambayo mahindi peke yake hayana ya kutosha. Ni unga mzuri, nami nautetea. Lakini una mipaka yake. John Phuka, Kenneth Maleta na wenzao walipowafuatilia watoto 182 wa vijijini Mangochi, kutoka miezi 6 hadi 18, na kulinganisha Likuni Phala na siagi ya karanga iliyoongezwa virutubisho, matokeo yao ya 2008 yalionyesha kwamba udumavu mkali ulijitokeza mara chache zaidi kwa waliopewa siagi. Siagi haina maji. Kijiko chake kidogo kina nguvu nyingi, na kinalambika. Somo ninalolichukua kwa jiko la kawaida ni kuongeza vile vinavyoongeza nguvu bila kuongeza ujazo: kijiko cha karanga zilizosagwa, zile ambazo Wamalawi hutia kwenye mboga, au kijiko cha mafuta ya kula, au parachichi lililopondwa msimu wake ukifika. Karanga zenye ukungu zitupwe, hata kama moyo unauma, kwa sababu ya sumu iliyomo.

Kwa mtoto wa miezi 6 au 7 ambaye uji mzito unamshinda, kuna maarifa ya nyumbani kwetu. Tanzania, tangu miaka ya 1980, A. C. Mosha na Ulf Svanberg walionyesha kisayansi kile ambacho wapika pombe wa kienyeji walikijua siku zote: kimea, unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, kikitiwa kidogo kwenye uji mzito wa moto kiasi, uji unalegea ndani ya dakika chache bila kuongezwa tone la maji. Nguvu inabaki, uzito unaondoka. Uuchemshe tena kabla ya kumpa mtoto, basi.

Sasa mikono ya mtoto. Kuanzia miezi 6 hivi, mtoto anayeweza kukaa na kushika kitu anaweza kuanza kujilisha kwa sehemu. Huko Marekani, daktari Clara Davis alianza mwaka 1926 majaribio ambayo mpaka leo yanasomwa. Watoto waliokuwa wametoka tu kuachishwa ziwa, ambao mwishoni walifikia 15, waliletewa trei yenye vyakula mbalimbali, na muuguzi akaketi kando ameshika kijiko, bila kukisogeza mpaka mtoto mwenyewe anyooshe mkono au aonyeshe anachotaka. Kila mtoto alikula kwa mtindo wake, siku nyingine mayai tu, siku nyingine ndizi kupita kiasi, lakini kwa muda mrefu wote walikua vizuri. Mmoja aliyefika na matege aliyanywa mwenyewe mafuta ya ini la samaki mpaka akapona, kisha akayaacha. Wanaopenda habari hii mara nyingi husahau alichosema Davis mwenyewe: siri ilikuwa kwenye orodha ya vyakula. Hakukuwa na sukari wala vya viwandani. Uhuru wa mtoto ulifanya kazi ndani ya kile watu wazima walichochagua kukiweka kwenye trei.

Karibuni zaidi, New Zealand, utafiti uliohusisha akina mama 206 na kuchapishwa 2017 uliwalinganisha watoto waliojilisha wenyewe tangu mwanzo na waliolishwa kwa kijiko. Uzito haukutofautiana. Kupaliwa pia hakukutofautiana, na wazazi wa waliojilisha walikuwa wamefundishwa vyakula gani ni salama. Kilichotofautiana ni tabia ya kula: waliojilisha walikuwa na uchaguzichaguzi mdogo wa chakula.

New Zealand si Dzaleka, najua. Huko uji ukimwagika unafutwa. Huku unga una bei, na mama anayeona tonge likidondoka kwenye vumbi anaona pesa ya mgao ikidondoka. Pingamizi hili ni zito na halijibiwi kwa mahubiri. Linajibiwa kwa namna ya kupakua. Hakuna sababu ya kumpa mtoto wa miezi 11 bakuli zima. Mpe tonge moja, akilimaliza mpe jingine. Sufuria inabaki kwako, kinachomwagika ni kidogo, na sinia pana likiwekwa chini yake hata hicho kinaokotwa kikiwa safi. Kwa uji, shikeni vijiko viwili: chake cha kujifunzia na chako cha kazi. Yeye anachovya na kujipaka, wewe unangoja afungue mdomo, unaweka kimoja. Baada ya wiki chache chake kinaanza kufika.

Nilimtazama mtoto wa miezi 10 katika nyumba moja ya Wakongo kambini, amekaa wima katikati ya miguu ya mama yake, mgongo umeegemea tumbo la mama. Mama alimfinyangia tonge la ugali refu kama kidole chake cha shahada, akalichovya kwenye maharage yaliyopondwa. Mtoto alilishika kwa ngumi nzima, akala kile kilichochomoza juu, kisha akakwama: mtoto wa umri huo huenda hajui bado vizuri kufungua kiganja apate kilichobaki ndani. Akautazama mkono wake kwa hasira. Mama akasubiri. Mtoto akaligeuza lile tonge kwa mkono wa pili, likachomoza upya, akaendelea. Mama mkwe alikuwa kando anapepeta mchele, uvumilivu ukamwishia. "Mwanangu, mtoto hajui njaa yake. Mshindilie, kabla hakijapoa." "Ndiyo, mama," akajibu bila kuinua sauti, "lakini tazama, anajilia." Mtoto alikula matonge manne na nusu. La tano alilitupa kwa kaka yake, na mama akaondoa sahani.

Kwa hiyo tonge liwe refu kuliko kiganja. Karibu na miezi 9 mtoto ataanza kuokota vidogovidogo kwa kidole gumba na cha shahada, ndipo apewe vipande: kiazi kitamu kilichochemshwa, boga, ndizi mbivu, papai, yai lililoiva sana, sombe (majani ya muhogo) iliyotwangwa na kuchanganywa na ugali, ndagala au usipa waliosagwa kuwa unga na kunyunyizwa juu. Hao samaki wadogo ni hazina ya madini ya chuma na chokaa tuliyo nayo karibu. Vya kumkataza ni karanga nzima, bisi, mahindi ya kuchoma, muwa, karoti mbichi na samaki mwenye miiba. Karanga nzima zingoje mpaka amefikisha angalau miaka minne. Na asile akitembea wala akiwa amelala chali. Wazazi wengi huniambia wanamlisha kwa nguvu kwa sababu akijilisha atapaliwa. Ukweli ni kinyume chake: mtoto aliyekaa wima, anayejitia chakula mwenyewe, anajua kinakuja na amejiandaa kukimeza, ilhali yule aliyelazwa kichwa nyuma, analia, pua imebanwa, ndiye ambaye uji unamwingia kwenye njia ya hewa. Nimonia nyingine tunazitengeneza kwa kijiko.

Juu ya usafi sina la kulegeza. Kipindupindu kilichoanza Malawi Machi 2022 kiliua watu zaidi ya 1,700 kabla ya kutulia, na mkono wa mtoto anayetambaa umebeba kila kilichopita sakafuni. Anayejilisha lazima anawishwe, kwa maji yanayomiminwa kutoka kwenye jagi, na sabuni, au jivu pale sabuni ilipokwisha. Beseni moja ambalo familia nzima inachovya mikono mmoja baada ya mwingine linawagawia wote uchafu wa wa kwanza. Uji wa asubuhi uliokaa kwenye chupa ya chai hadi saa tisa nao usipewe mtoto, hata ukiwa bado vuguvugu. Vuguvugu ndilo joto ambalo vijidudu vinalipenda.

Niseme pia kuhusu makosa ya upande wa pili, maana kuna wanaosikia "mwache ajilie" wakaondoka. Sinia la pamoja ni jambo zuri la utu wetu, lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiwekwa kati ya kaka zake wa miaka 5 na 8 atapata matonge mawili wakati wao wamepata kumi, na hakuna atakayejua. Apewe bakuli lake, akae papo hapo kwenye sinia na wenzake, awaone wanavyotafuna, lakini kilicho chake kionekane. Na mtu mzima awe macho kwa macho naye. Valerie Flax na wenzake waliochunguza akina mama na watoto wakati wa kula huko kusini mwa Malawi waliona kwamba mwenendo mwema wa mlezi ulikwenda pamoja na mtoto kukubali chakula. Wataalamu wa lishe wa Tanzania wanauita huo ulishaji wenye mwitikio. Mtoto akigeuza uso, pumzika. Akifungua mdomo, endelea. Mwambie jina la chakula, mshangilie akifikisha mkono. Ni kazi, na inachukua nusu saa ambayo mama mwenye kuni za kutafuta na foleni ya maji hana. Ndiyo maana baba, shangazi na bibi wanahusika. Baba anayekaa mbele ya nyumba jioni anaweza kuwa mtu wa bakuli la mtoto, na heshima yake haitapungua.

Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, aligawa kazi hii kwa namna ninayoiona inafaa hata penye uhaba: mzazi aamue chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto aamue kama atakula na kiasi gani. Penye uhaba sehemu ya mzazi inakuwa nzito zaidi, na sehemu ya mtoto haiondoki. Saa ngapi ni neno ambalo tunalidharau. Mtoto aliyenyonya sasa hivi, aliyepewa andazi saa nne ili anyamaze na barafu ya rangi saa tano kwa sababu wenzake wanayo, hawezi kuwa na njaa saa sita. Acha kama saa mbili kati ya mlo na kitu kingine. Mtoto wa miezi 9 mpaka miaka miwili apate milo mitatu au minne, na kitafunwa kimoja au viwili vyenye maana, kama ndizi au yai. Dakika 30 zikipita, sahani iondolewe bila hasira na bila ahadi ya biskuti. Kushinikiza hakuleti tonge la ziada. Amy Galloway, Leann Birch na wenzao waliwapa watoto wa shule ya awali supu, wakiwahimiza wamalize nyakati fulani na kuwaacha nyakati nyingine. Walipoachwa ndipo walikula zaidi, na wakaisema vibaya supu mara chache zaidi.

Narudi kwenye ugonjwa, kwa sababu ndiko kunakonisukuma kuandika. Malaria, nimonia, vidonda vya mdomoni, minyoo, upungufu wa zinki: mengi ya haya huweza kujitokeza mapema kama kukosa hamu. Mtoto anayejilisha, ambaye jana alikula matonge manne na leo hataki hata moja, ametoa taarifa mapema kabla homa haijapanda. Mtoto anayeshindiliwa kila siku hawezi kuitoa taarifa hiyo, kwani kilio chake cha leo kinafanana na cha jana. Akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akiwa mlegevu kupita kiasi au akidegedega, nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, hata usiku. Miguu ikibonyea ukiiminya kwa kidole na shimo likabaki, nenda siku hiyohiyo. Akikataa chakula zaidi ya siku moja au mbili bila dalili nyingine, mpeleke apimwe. Anapoumwa, mnyonyeshe zaidi na umpe kidogokidogo mara nyingi. Akipona, hamu hurudi kwa kishindo, na hapo mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili, maana huo ndio muda wa kulipa deni.

Kwa wanaoendesha kliniki za watoto, Dzaleka na Likuni, nina ombi. Maonyesho ya mapishi tunayafanya vizuri: makundi sita ya chakula yanapangwa mezani, unga unapimwa, uji unakorogwa, akina mama wanaimba. Watoto wakati huo wako mgongoni, wamefungwa kwa vitenge, wamelala. Uji ukiiva unagawiwa vikombeni, kila mama anamlisha wake kwa haraka na siku imekwisha. Tubakize nusu saa. Watoto washushwe, wanawishwe, wakalishwe kwenye mkeka katika duara, kila mmoja na bakuli lake lenye vijiko viwili vya uji mzito na kipande cha kiazi, na mhudumu akae nao akiwaonyesha mama, baba na bibi waliokuja namna ya kungoja. Anayekataa asishikwe. Iandikwe kwenye kadi yake kwamba leo amekataa, na siku mbili baadaye mtu apite kwao kuuliza amekula nini.